Nambari na Isnadi Yake: Juu ya Kukadiria Utindikali wa Kaboni

Mwanafunzi afunguaye jedwali la tindikali hukuta humo kwamba pKa (kipimo cha nguvu ya tindikali: kadiri ilivyo ndogo ndivyo tindikali ilivyo na nguvu) ya maji ni 15.7, ya siklopentadaini karibu 16, ya toluini zaidi ya 40, na ya methani karibu 50. Na kwa kuwa zote zimepigwa chapa katika safu moja, huzisadiki zote kwa kadiri moja. Imani hiyo siikubali, kwani nambari hizo hazikupatikana kwa njia moja, na ile ya methani haikupata kupimwa moja kwa moja katika kiowevu chochote.

Tindikali ya kaboni ikiisha kutoa protoni, kinachobaki ni kabanioni, nayo ikiwa kali itanyakua protoni ya maji kabla mpimaji hajawahi kuiona. Ndiyo sababu wanakemia Conant na Wheland, mwaka 1932, waliyaacha maji wakafanya kazi katika ethari, wakishindanisha tindikali mbili mbili. Mathalan, kabanioni ya trifenilimethani ni nyekundu iliyokoza: ikitiwa tindikali yenye nguvu kuliko trifenilimethani, wekundu hufifia, maana protoni imekwisha kuhama, ikitiwa iliyo dhaifu zaidi, wekundu husalia. Kwa mashindano ya namna hiyo ngazi ilijengwa, kipago juu ya kipago, na kosa la kipago cha chini likarithiwa na cha juu yake. Na kwa kuwa kila hatua moja ya pKa ni mara 10, aliyekosea hatua 3 amekosea mara 1000.

Wanazuoni wa hadithi hawakuipokea matini pasipo kuuliza isnadi yake, yaani nani kaisikia kwa nani. Nambari ya kemia nayo ina isnadi, na sehemu ya isnadi hiyo ni kiowevu. Ndani ya maji, toluini ni dhaifu kuliko maji yenyewe kwa zaidi ya hatua 20, ilhali katika hali ya gesi mambo hupinduka, toluini ikawa ndiyo tindikali yenye nguvu. Ioni ya haidroksidi ni ndogo, chaji yake imesongamana mahali pamoja, na maji huizunguka na kuituliza. Kabanioni ya toluini imekwisha kuitandaza chaji yake juu ya pete ya benzini, wala haina haja kubwa ya msaada huo. Basi anenaye uthabiti wa kabanioni bila kutaja ilipo, amenena nusu ya habari.

Yawezekana mtu akasema kwamba kwa hoja hii makadirio yote yamebatilika. La, hasha. Siklopentadaini ina 16, sikloheptatraini ina zaidi ya 35. Pengo hilo ni kubwa mno hata kosa lolote la ngazi haliwezi kulifuta, nalo laafikiana na kanuni ya Hückel ya mwaka 1931, kwamba elektroni 6 zinazozunguka pete, kama katika kabanioni ya siklopentadaini, huitia uthabiti, na 8, kama katika ile ya sikloheptatraini, haziitii. Ninachokikataa ni kuzipanga methani na ethani kwa tofauti ya hatua moja au mbili, kana kwamba zimewekwa mizanini.

Nawasihi, basi, watungao vitabu vya kemia kwa vyuo vyetu: kando ya kila pKa waandike kiowevu na njia iliyotumika, na kando ya ile ya methani waandike wazi kwamba ni makadirio.