Sindano Ilihama Lini Nyumbani Kwetu?

Kuna swali huwa nawatupia wenzangu tukikaa kijiweni baada ya kazi, na kila mara wanacheka kabla hawajajibu. Ni lini mara ya mwisho ulishona kitu kwa mkono wako? Simaanishi kushonesha. Kushonesha kila mtu anajua: unanunua kitambaa Kariakoo, unampelekea fundi, anakuambia njoo Jumamosi, unakwenda Jumamosi tatu mfululizo. Namaanisha wewe mwenyewe, na sindano yako, na uzi wako. Watu wenye shahada zao, wengine mbili, wananiambia kifungo kikikatika shati linakaa kabatini mpaka litakapopata mtu wa kulihurumia.

Swali lenyewe si la utani. Tangu shule ya msingi tumekaririshwa kwamba mahitaji ya lazima ya binadamu ni chakula, mavazi na malazi. Kupika tumejifunza, hata sisi wanaume, angalau ugali na mayai. Lakini mavazi tumemwachia mtu mwingine kabisa, tena mtu tusiyemjua, aliye mbali. Imekuwaje? Nikaamua kuchimba. Nilichokikuta ni kirefu kuliko nilivyodhani, kwa hiyo vuta kiti.

Tuanze na mashine yenyewe. Neno cherehani asili yake ni Kiajemi, kwenye neno linalomaanisha gurudumu. Aliyeifanya mashine ya kushona ifanye kazi ya kweli kiwandani alikuwa fundi nguo wa Kifaransa, Barthélemy Thimonnier. Mwaka 1830 alipata hataza yake, akafungua karakana Paris yenye mashine 80 za kushona sare za jeshi. Mwaka uliofuata mafundi wenzake waliivamia karakana ile na kuzivunja mashine zake. Waliona mkate wao unaondoka. Thimonnier alikufa maskini mwaka 1857.

Hadithi ikavuka bahari mpaka Marekani. Elias Howe, wa jimbo la Massachusetts, alipata hataza mwaka 1846. Isaac Singer alitengeneza mashine yake mjini Boston, jimbo hilohilo, akapata hataza mwaka 1851. Wakashitakiana weee, Howe akashinda mwaka 1854, na mwaka 1856 wenye hataza wakaamua kuzichanganya na kula pamoja. Mwaka huohuo mshirika wa Singer, mwanasheria Edward Clark, akabuni jambo ambalo kwa maoni yangu ni kubwa kuliko mashine yenyewe: kuuza cherehani kwa mkopo wa kulipa kidogo kidogo. Cherehani kilikuwa ghali mno kwa familia ya kawaida. Kwa mpango wa Clark mama wa nyumbani aliweza kukichukua leo, akashona, na kulipa huku anashona.

Na faida yake ilionekana kwa macho. Hesabu zilizotolewa wakati ule zilisema shati moja la mwanamume lilichukua kama saa 14 kulishona kwa mkono, na kama saa moja na robo kwa mashine. Piga hesabu kwa familia yenye watoto sita.

Kikabaki kikwazo kimoja. Kushona ni rahisi, kukata ndiko kugumu. Ukikosea mkasi umekosea, kitambaa hakirudi. Mwaka 1863 fundi nguo Ebenezer Butterick, naye wa Massachusetts, mji wa Sterling, alianza kuuza karatasi zilizokatwa tayari kwa saizi mbalimbali. Unailaza juu ya kitambaa, unafuata, unakata. Alianza na nguo za wanaume na wavulana, miaka michache baadaye akaingia kwenye za wanawake. Hapo ndipo mtu asiyewahi kukaa chini ya fundi yeyote alipoweza kujishonea nyumbani.

Sasa msomaji wangu, umegundua kwamba nimetaja Massachusetts mara tatu? Nina sababu. Jimbo hilohilo lilikuwa likituvika sisi. Marekani ilitiliana mkataba wa biashara na Sultani wa Zanzibar mwaka 1833, na mwaka 1837 balozi mdogo wao wa kwanza, Richard Waters, mfanyabiashara wa mji wa Salem, Massachusetts, akafika Unguja. Meli za Salem zilileta kitambaa imara cha pamba kilichofumwa kwenye viwanda vya huko kwao, zikaondoka na pembe za ndovu, sandarusi na ngozi. Kitambaa kile wazee wetu wakakiita jina tunalolitumia mpaka kesho: merikani. Kilisafiri na misafara mpaka Tabora na Ujiji, kikawa kama fedha. Na pamba yake ililimwa na watumwa wa kusini mwa Marekani, watu weusi ambao mababu zao walitolewa Afrika. Pembe zilizokilipia zilifika pwani mabegani mwa wapagazi. Vita ya wenyewe kwa wenyewe ya Marekani ya 1861 hadi 1865 ndiyo iliyoivuruga biashara hiyo, nguo za Uingereza na India zikachukua nafasi.

Ndiyo kusema mazoea yetu ya kuvaa kinachotoka ng'ambo hayakuanza na mitumba. Ila kuna tofauti moja kubwa. Merikani ilikuja ikiwa kitambaa, na kazi ya kukigeuza kuwa vazi ilifanywa huku.

Angalia kanga. Inasimuliwa kwamba wanawake wa pwani, katikati ya karne ya 19, walinunua leso za kupigwa chapa, sita zikiwa bado hazijatenganishwa, wakazikata na kuzishona tatu kwa mbili mpaka likapatikana vazi moja pana. Kiwanda kikaja baadaye kuwaiga. Na baada ya utumwa kufutwa kisheria Unguja mwaka 1897, mwanamke aliyezoea kuvishwa kaniki nyeusi alijichagulia kanga ya rangi, akajifunga, akatoka. Watu wale hawakuichukulia nguo kuwa pambo tu. Ilikuwa tamko.

Angalia pia kofia ya vito. Vile vitundu vidogo vidogo vilivyozungushiwa uzi vilishonwa kwa mkono barazani na vyumbani, kimoja kimoja, kwa wiki nyingi, na wanawake wengi wa Unguja na Lamu walipata riziki humo. Ukimwona mzee na kofia ya vito, amebeba kichwani mwezi mzima wa macho ya mtu.

Kwa hiyo sindano ilikuwepo nyumbani. Swali linabaki palepale: ilihama lini?

Nadhani iligawanywa kwanza. Shule za misheni ziliwafundisha wasichana kushona. Shule ya wasichana ya Mbweni, Unguja, iliyoanzishwa na wamisionari wa UMCA miaka ya 1870 kwa ajili ya mabinti walioachiwa kutoka utumwani, ilikuwa na ushonaji miongoni mwa masomo yake. Ushonaji ule ulikuwa wa kumwandaa msichana awe mke mwema wa Kikristo. Wakati huohuo mjini, kwenye baraza za maduka ya Wahindi, cherehani kilikaliwa na mwanamume. Mteja anachagua kitambaa ndani, fundi anamshonea nje. Fundi wa mwanzo alikuwa Mhindi, kijana wa Kiafrika akakaa pembeni akijifunza, mwishowe naye akawa fundi.

Tazama ilivyokaa. Kushona kwa mwanamke kukaitwa wajibu, kushona kwa mwanamume kukaitwa kazi. Cha kwanza hakilipwi, cha pili kinalipwa. Tukarithi hivyo hivyo. Wasichana wakasoma sayansikimu, wavulana wakaambiwa hayo si mambo yenu. Matokeo yake ni kijana kama mimi kufika chuo kikuu akijua kuandika tasnifu ya kurasa 60 bila kujua kupiga pindo la suruali.

Hapa nina kisa cha kuchekesha. Mahatma Gandhi, ambaye alizipinga sana mashine, aliiacha moja salama mwaka 1924: cherehani. Alisema Singer alimwonea huruma mkewe kwa kazi ya kushona, akakibuni kwa upendo. Maskini Gandhi! Singer alizaa watoto zaidi ya 20 na wanawake kadhaa, na aliifuata pesa popote ilipokwenda. Lakini hoja ya Gandhi haifi kwa sababu ya tabia za Singer. Cherehani ni mashine ya mtu mmoja. Haihitaji umeme, inaingia chumbani, na mwenye nayo hasubiri ajira ya mtu. Ndiyo maana Singer waliweza kuziuza dunia nzima. Kiwanda chao cha Clydebank, Scotland, kilipata kutengeneza zaidi ya milioni 1 kwa mwaka kabla ya Vita Kuu ya Kwanza.

Na shida ikija, watu huikumbuka haraka. Waingereza waligawiwa nguo kwa kuponi kuanzia Juni 1941 mpaka 1949, na serikali yao ikawa inawafundisha raia kutia viraka na kugeuza koti kuukuu kuwa sketi.

Sisi tulikuwa na yetu. Baada ya vita ya Kagera ya 1978 hadi 1979 nchi iliishiwa fedha za kigeni. Viwanda vya nguo tulikuwa navyo, Urafiki kilianza mwaka 1968 kwa msaada wa China, lakini vilikosa vipuri na malighafi. Sabuni kwa foleni, sukari kwa foleni, kitenge kwa foleni. Bibi yangu, mzaa mama, alikuwa na cherehani cha mkono. Ananiambia pazia la sebuleni likawa kaptula tatu, na gauni lake la harusi likavaliwa na mabinti wawili kanisani. "Mjukuu wangu," huwa ananiambia, "siku zile mtu hakuniuliza nimesoma mpaka darasa la ngapi. Aliuliza kama nina uzi."

Mwaka 1984 serikali ilianza kulegeza masharti ya biashara, mitumba ikamiminika. Wakaiita kafa Ulaya. Simlaumu aliyeinunua, watu walikuwa karibu watembee uchi. Mimi mwenyewe Karume wananijua. Lakini hapo ndipo sindano ilipotoka nyumbani kabisa. Nani atakaa saa nne anashona shati wakati lililokwisha kushonwa linauzwa kwa bei ya soda mbili tatu?

Mwaka 2016 viongozi wa Jumuiya ya Afrika Mashariki walikubaliana kuiondoa mitumba ifikapo 2019. Marekani ikatishia fursa za soko lake za AGOA. Wengine, sisi tukiwamo, tukarudi nyuma. Rwanda ikakaa kwenye msimamo wake, na mwaka 2018 nguo zake zikaondolewa kwenye msamaha wa ushuru. Walimu wetu waliposema nguo ya kuazima haisitiri matako, tulidhani ni methali ya mtihani.

Ila sindano haikufa. Mwaka 2020, korona ilipoingia, barakoa za dukani zilikuwa adimu na ghali. Ndani ya siku chache mitaani kwetu zikatapakaa barakoa za vitenge, zimeshonwa na mafundi cherehani na akina mama majumbani. Hakuna aliyesubiri meli. Miaka ile kulikuwa na utani mwingi kuhusu kama vyerehani vinne ni kiwanda au si kiwanda. Mimi sikuona cha kuchekesha sana baada ya hapo.

Sasa tufanye nini? Sisemi tuchome mitumba, wala tuwanyang'anye mafundi riziki. Nasema tujifunze, wanaume kwa wanawake. Mwaka jana nilimwomba bibi anifundishe, na njia yake haihitaji ada. Chukua nguo yako iliyochakaa lakini inayokukaa vizuri. Ifumue mishono yote kwa wembe, taratibu. Piga pasi vipande, vilaze juu ya gazeti (mwandishi wa habari hakosi magazeti), chora kwa kuvizunguka. Hiyo ndiyo karatasi ya Butterick, bure. Ilaze juu ya kitambaa cha bei nafuu, acha nafasi ya mshono kidole kimoja pande zote, kata. Anza na sketi au kaptula ya lastiki, kola na zipu zisubiri. Futikamba, chaki, mkasi usiokata kitu kingine chochote, basi. Kama cherehani hakuna, mkono upo.

Kaptula yangu ya kwanza ilinichukua siku mbili za mapumziko. Tangu hapo nikishika shati sokoni nalipindua kwanza, naangalia mishono ya ndani. Nyuma ya kila mshono kuna mtu aliyekaa saa kadhaa mahali fulani, Dhaka au Guangzhou au Ubungo, na sasa najua mgongo wake unauma wapi. Bei yake huwa inanipa maswali ambayo zamani sikuwa nayo.

Wewe je? Nyumbani kwenu kuna cherehani kilichofunikwa kitambaa, kimegeuzwa meza ya kuwekea televisheni? Nani alikuwa anakitumia, na je, bado yupo hai wa kukufundisha? Kama yupo, mpigie simu wikiendi hii.

Naomba kuwasilisha.