Hadithi ya Bastian: Filamu ilivyoacha nusu ya riwaya

RIWAYA ya watoto Die unendliche Geschichte, yaani Hadithi Isiyo na Mwisho, ilitungwa na Mjerumani Michael Ende na kuchapishwa mwaka wa 1979. Mnamo 1984, mwongozaji Wolfgang Petersen aliigeuza kuwa filamu iliyopata umaarufu mkubwa. Hata hivyo, kazi hizi mbili zina mafunzo tofauti.

Mhusika mkuu ni Bastian, mvulana aliyefiwa na mamake na anayeonewa na wanafunzi wenzake. Anajificha kwenye dari la shule na kusoma kitabu kuhusu nchi ya ajabu inayomezwa na Utupu. Hatimaye anang'amua kwamba ni yeye tu awezaye kuiokoa, kwa kumpa malkia wake jina jipya.

Filamu inakomea hapo. Bastian anajaliwa uwezo wa kupata chochote akitamanicho, anapanda joka na kuwatimua waliokuwa wakimwonea.

Katika riwaya, ambayo ina sura 26, hapo ni katikati tu. Kila analolitamani likitimia, Bastian anapoteza kumbukumbu moja ya maisha yake ya awali. Anapata urembo, nguvu na sifa, lakini kiburi kinamwingia hata anataka kujitawaza mfalme na kumjeruhi rafikiye, Atreyu. Anaponea chupuchupu kuwa kama wale waliomtangulia, waliosahau kila kitu na kurukwa na akili. Mwishowe anajifunza kupenda, ndipo anaporejea kwa babake.

Kwa hivyo, uwezo ambao katika filamu ni tuzo, katika riwaya ni mtihani. Ende aliipinga filamu hiyo na kwenda mahakamani, lakini akashindwa. Filamu ya pili, iliyotolewa mwaka wa 1990, iligusia suala la kumbukumbu, ila kwa kisa kilichobadilishwa mno.

Pamoja na hayo, filamu ya kwanza ina ufanisi wake. Farasi Artax, ambaye huzungumza katika riwaya, hapa ni bubu. Kimya chake anapozama kwenye kinamasi cha huzuni kimewaliza watazamaji wengi.

Mzazi anayemwonyesha mtoto filamu hiyo hakosei. Afaacho kukumbuka ni kwamba onyo kuhusu gharama ya kupata kila kitu limo kitabuni.