Dirisha la Tao katika Nyanda za Juu za Kusini

Neno dirisha limetoka Kiajemi likapitia pwani. Na tao lenyewe lilikwisha kujengwa kwa mawe ya matumbawe katika msikiti mkuu wa Kilwa karne nyingi kabla halijaonekana Iringa. Lakini bara halikufika kwa njia ya neno. Lilikuja na Wadachi.

Nyumba ya Wahehe ilikuwa tembe: ndefu, ya miti na udongo, paa lake bapa, na matundu madogo ya kuingizia mwanga. Nyumba ya namna hiyo haina haja ya tao, kwa kuwa boriti hubeba uzito. Ukuta wa mawe au matofali ni kinyume chake. Tofali hustahimili kugandamizwa, wala halistahimili kuvutwa. Yakipangwa kwa mviringo juu ya nafasi tupu, matofali hubanana yenyewe kwa yenyewe, na uzito hushukia ubavuni mpaka chini. Basi waliitao tao pambo tu wamekosea, ijapokuwa Warumi, waliolieneza, walilipenda kwa fahari pia.

Mfano ulio wazi ni Boma la Iringa, lililojengwa mwaka 1914 liwe hospitali. Waingereza wakaligeuza ofisi, na mwaka 2016 likafunguliwa kuwa makumbusho. Mbeya, mji ulioanza 1927 kwa ajili ya dhahabu ya Lupa, ulizaliwa baada ya Wadachi kuondoka.

Wala isidhaniwe kwamba Wahehe hawakujua kujenga kwa mawe: ngome ya Mkwawa ya Kalenga, iliyotekwa tarehe 30 Oktoba 1894, ilizungukwa na ukuta wa mawe. Nayo pia iliitwa boma.