Bawabu wa Seli na Jina Lake

Miaka kadhaa iliyopita nilipewa makala ya biolojia niyatafsiri. Nilipofikia matundu yanayopitisha ioni katika utando wa seli, nikaandika "idhaa za ioni". Mwanafunzi wangu mmoja akauliza, "Mwalimu, kwani seli hutangaza habari?" Nilicheka, kisha nikaona haya. Nilikuwa nimetafsiri neno bila kukijua kitu chenyewe.

Hebu basi tukitazame. Mwaka wa 1976, Erwin Neher na Bert Sakmann wa Ujerumani walitumia mrija mwembamba wa kioo kupima umeme unaopita katika tundu moja tu la utando. Walituzwa Nobel mwaka wa 1991. Umeme wa aina hiyo ulizoeleka katika neva na misuli. Lakini mwaka wa 1984, watafiti wa Chuo Kikuu cha California, Irvine, waliripoti matundu ya potasiamu katika seli za T, askari wa kinga ya mwili. Yalipozibwa kwa dawa, seli hizo zilishindwa kuongezeka.

Kwa nini? Potasiamu inapotoka, ndani ya seli hubaki chaji hasi. Kalsiamu, yenye chaji chanya, huvutwa ndani kupitia tundu lake, na ndiyo huiamsha seli ipigane.

Tundu hilo la kalsiamu lilitambuliwa mwaka wa 2006. Stefan Feske na wenzake walichunguza watoto waliozaliwa na kinga duni mno. Seli za T walikuwa nazo, ila kalsiamu haikuingia. Herufi moja tu ya jeni ilikuwa imebadilika. Watafiti waliiita protini hiyo Orai, jina la walinzi wa malango ya mbingu katika visasili vya Kiyunani.

Mnaona? Wanasayansi wenyewe walikimbilia hadithi za kale kutafuta jina. Sisi tuna bawabu, neno tulilolipata kutoka Kiarabu, na kila msomaji anajua kazi yake: kufungua na kufunga mlango. Sisemi tutupe ioni wala kalsiamu. Hayo yamekwisha kuwa yetu. Nasema tukielewe kitu kwanza, jina litafuata.

Idhaa nimeifuta, nikaandika "malango ya ioni". Kosa la herufi moja liliwanyima watoto wale kinga. Langu la neno moja lingemnyima mwanafunzi yule elimu, kama asingeuliza.