Kizuri Chajiuza?

Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Methali hii niliifundisha darasani kwa miaka mingi bila kuitilia shaka. Siku hizi, nikiwa mstaafu mwenye nafasi ya kutembea na kutazama, najiuliza kama aliyeitunga aliwahi kuingia katika duka la nguo.

Nilikuwa na umri wa miaka kumi na mmoja hivi pale marehemu baba, baada ya kuuza pamba, aliponichukua kwenda mjini kumnunulia mama kanga. Mwenye duka alisimama nyuma ya meza ndefu, na majora ya vitambaa yalipangwa nyuma yake hadi darini, mahali ambapo mkono wa mnunuzi haufiki. Baba alipoomba kuonyeshwa doti ya tatu, aliulizwa, "Wewe mzee, unanunua au unatazama?" Watu waliokuwa barazani wakimsubiri fundi cherehani wakacheka. Baba akailipia ile iliyokwisha kukunjuliwa mezani, tukatoka. Mama aliivaa miaka mingi. Nilikuwa mtu mzima nilipojua kwamba rangi yake hakuipenda hata siku moja.

Baadaye, katika kusoma historia, niligundua kuwa aibu ile haikuwa yetu peke yetu. Katika jiji la Paris, mwanzoni mwa karne ya 19, maduka mengi yalikuwa madogo, bei haikuandikwa, na aliyevuka kizingiti alitarajiwa kununua. Wafanyabiashara kadhaa walianza kuibadili desturi hiyo, lakini aliyeifikisha mbali ni Aristide Boucicaut, mtoto wa mtengeneza kofia, aliyeingia ubia katika duka la Bon Marché mwaka 1852. Aliandika bei juu ya bidhaa, akaruhusu mtu aingie, atazame na atoke bila kununua, na akakubali kurudishiwa kisichompendeza mnunuzi. Mwaka 1869 alianza kujenga duka jipya lenye paa za vioo na ngazi pana, na vitambaa vikaning'inizwa kwenye kuta za ghorofa mithili ya bendera siku ya sherehe.

Marekani wakaifanya kazi hiyo kuwa taaluma. Mwaka 1897, huko Chicago, L. Frank Baum alianzisha jarida la kuwafundisha wauzaji namna ya kupamba madirisha ya duka. Mwaka 1900 alitoa kitabu kizima juu ya ufundi huo. Mwaka ule ule alichapisha pia hadithi ya watoto, The Wonderful Wizard of Oz, ambamo mchawi wa kutisha anagundulika kuwa ni mtu wa kawaida tu aliyejificha nyuma ya kiambaza. Sidhani kama aliyejua kupamba madirisha alihitaji kwenda mbali kulitafuta wazo hilo.

Kutoka Chicago hiyo hiyo alikuja Harry Gordon Selfridge, aliyefungua duka lake London mwaka 1909. Aliweka bidhaa mahali zinapoweza kushikwa, akayawashia taa madirisha yake usiku ili hata mpita njia asiye na senti apate kutazama. Mtu huyo aliyejua sana kuamsha tamaa za wengine alishindwa kuzitawala zake. Alifariki mwaka 1947 akiwa amefilisika.

Kanuni za ufundi huo mwalimu yeyote anazifahamu. Niliwaambia wanachuo wangu kwamba chati yenye mambo kumi haifundishi hata moja. Mpambaji naye huweka vazi moja dirishani, akalielekezea taa, na kuacha nafasi tupu kulizunguka. Kile ambacho mtu amekifuata hukiweka mwisho wa duka, ili akipite kwanza kile ambacho hakukikusudia.

Kwetu, mwanzoni mwa miaka ya 1980, rafu zilikuwa tupu. Hapakuwa na cha kupamba. Masharti ya biashara yalipolegezwa kuanzia mwaka 1984, mitumba ikarudi kwa wingi, na wauzaji wetu, ambao hawakusoma kitabu cha mtu, wakajua kulitundika juu shati moja zuri na kuliacha rundo chini.

Majuzi nilimsindikiza mjukuu wangu Kariakoo. Mbele ya maduka zimesimama sanamu ambazo vijana huziita midoli, na gauni moja lilikuwa limeukaa mwili wa mdoli kama ngozi. Mjukuu akalinunua bila kulijaribu. Nyumbani likampwaya. Nilirudi peke yangu, nikazunguka nyuma ya ule mdoli, nikakuta pini sita zimelibana gauni mgongoni.

Nilisimama pale kitambo, nikamkumbuka baba. Hakuna aliyeniuliza kama nanunua au natazama. Kijana wa duka alinikaribisha, akanipa kiti, akasema, "Shikamoo mzee, angalia tu, kuangalia ni bure." Baba angelipata neno hilo siku ile, mama angevaa rangi aipendayo. Kwa hiyo, ndugu msomaji, sitaki tuirudie ile meza ndefu. Ninachoomba ni kwamba tukipewa ruhusa ya kutazama, tuitumie yote. Macho hayana pazia. Basi na yazunguke hadi mgongoni, zilipo pini.