Kiti cha Baraza na Askofu Gerezani

Tarehe 3 Juni 2025 nchi yetu ya Kongo ilichaguliwa kuketi katika Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa, kwa miaka 2026 na 2027. Tangu siku ile Wakristu wengi wametuuliza: kiti kama hiki hupatikana kwa njia gani? Tunajibu kwa habari moja ya zamani.

Mwaka 1948 Tito, mkuu wa Yugoslavia, aligombana na Stalin, mkuu wa Urusi. Wote wawili walikuwa Wakomunisti, lakini Tito alikataa kuamriwa na Moscow. Mwaka uliofuata Yugoslavia ikaomba kiti katika Baraza. Warusi wao walitaka kiti hicho kiende kwa Chekoslovakia, rafiki yao mtiifu.

Wamarekani waliona kwamba Tito akipata kiti, Stalin atapungukiwa heshima. Basi wakaamua kumwunga mkono. Waingereza, rafiki zao, walisitasita. Walikumbuka mapatano ya London ya mwaka 1946 juu ya kugawa viti kati ya pande za dunia, wakaogopa kuwachokoza Warusi. Kumbe hata marafiki hawaoni jambo kwa jicho moja! Tarehe 20 Oktoba 1949 kura zilipigwa mara mbili, na mara ya pili Yugoslavia ikapata kura 39, ikashinda. Vyshinsky, waziri wa Urusi, alilalamika kwa ukali.

Lakini siku ile Askofu Mkuu Aloysius Stepinac wa Zagreb alikuwa amefungwa katika gereza la Lepoglava. Serikali ya Tito ilikuwa imemhukumu mwaka 1946 kifungo cha miaka 16. Dunia nzima ilijua, na kifungo chake hakikuzuia kura zile.

Je, waliompa Tito kiti walimpata mtumishi? Hata kidogo. Vita vya Korea vilipoanza, tarehe 27 Juni 1950, Yugoslavia peke yake ilipiga kura ya kukataa shauri la Wamarekani la kuisaidia Korea ya Kusini.

Naye Stepinac alitolewa gerezani Desemba 1951, akawekwa chini ya ulinzi kijijini kwake Krašić mpaka alipofariki tarehe 10 Februari 1960. Papa Yohane Paulo II alimtangaza Mwenye Heri mwaka 1998.

Hatusemi kwamba ilikuwa vibaya kulisaidia taifa dogo lililotishwa na jirani mwenye nguvu. Twasema tu kwamba mataifa hupima kura kwa faida, na mkono mtupu haulambwi. Mfungwa hana kura ya kumpa mtu. Kwa hiyo tuwaombee wajumbe wetu, wamkumbuke yeye pia. Siku ya mwisho Bwana wetu hatatuuliza habari za viti. Atatuuliza habari za wafungwa.