Msitu Uliobaki Kwenye Mkaa

Meli ya MV Victoria ikiondoka Mwanza usiku hupita Kemondo kabla ya kumalizia safari yake Bukoba. Abiria anayeamka mapema na kusimama ukingoni mwa meli huona migomba iliyozingira nyumba, na nje ya migomba hiyo vilima vya nyasi tupu, ambavyo Wahaya huviita rweya. Anaweza kudhani kwamba mwambao huu umekuwa hivi tangu dunia ianze. Udongo wa Kemondo unasimulia mengine: hapa palikuwa na msitu.

Habari yenyewe ilianzia kwa wazee. Mwishoni mwa miaka ya 1960 Peter Schmidt, mtafiti kijana kutoka Marekani, alikwenda Buhaya, nchi ya Wahaya, kusikiliza masimulizi ya kale. Katika kijiji cha Katuruka alionyeshwa makazi ya mfalme Rugomora Mahe, aliyetawala karne ya 17, na mti mtakatifu ulioitwa Kaiija, jina linalotaja mahali pa uhunzi. Wazee walishikilia kwamba hapo ndipo chuma kilipofuliwa zamani. Schmidt akachimba walipomwelekeza. Alichokikuta ni mabaki ya kazi ya chuma ya miaka 2,000 hivi na zaidi, ya kale kuliko huyo mfalme kwa karne nyingi. Jina la mahali lilikuwa limetunza kumbukumbu ambayo hakuna aliyeiandika.

Uchimbaji ulipofika Kemondo, vilipatikana vishimo vya matanuru, mavi ya chuma, vipande vya mirija ya udongo iliyopitisha upepo wa mivukuto, na mkaa mwingi. Mkaa huo ndio uliofungua habari ya msitu. Mti ukiungua bila kuteketea kabisa, vinyweleo vilivyokuwa vikipandisha maji ndani yake hubaki na umbo lake. Mtaalamu huuvunja mkaa, huutazama kwa hadubini, na kuulinganisha na miti inayojulikana leo, hata akatambua ulikuwa mti wa aina gani. Chavua iliyozikwa kwenye matope humwambia ni mimea gani ilikuwa ikichanua jirani, na kipimo cha kaboni ya mionzi humpa umri. Ni kazi ya miaka na miaka, na huanzia kwenye kipande kinachotosha ncha ya kidole.

Tanuru nalo lina njaa kubwa. Mwaka 1976 wazee wa Kihaya waliowahi kuyeyusha chuma ujanani walilijenga upya mbele ya watafiti, wakalijaza nyasi za bwawani zilizochomwa, wakavukuta na kulisha mkaa kwa saa nyingi. Matokeo ya utafiti huo Schmidt na mwenzake Donald Avery waliyachapisha katika jarida la Science mwaka 1978. Ukizidisha moto wa namna hiyo kwa vizazi kadhaa, unaanza kuelewa miti ilikwenda wapi.

Kwa maelezo ya Schmidt, kufikia mwaka 600 hivi ardhi ya Kemondo ilikuwa imechoka na watu wakaihama. Makazi yaliyorudi baadaye, katika zama za kati, yalikuta mwambao mwingine. Hapo ndipo ng'ombe na mgomba walipofanya kazi ya ajabu: samadi na nyasi zilizokatwa rweya zilimwagwa kuzunguka nyumba, mwaka baada ya mwaka, mpaka kikapatikana kibanja, shamba lenye rutuba katikati ya ardhi maskini. Kijani kile anachokiona abiria wa meli kimetengenezwa kwa mikono ya watu, na heshima hiyo wanastahili kupewa.

Ziwa Victoria nalo lina kumbukumbu yake, mbali sana na hapa. Kwenye kisiwa cha Rodah, Cairo, kina cha mto Nile kilipimwa na kuandikwa tangu karne ya 7. Wakati wa kiangazi mto ule hutegemea zaidi maji yatokayo kwenye maziwa ya huku kwetu, kwa hiyo wataalamu huvisoma vipimo hivyo wakikisia ziwa lilipojaa na lilipopungua.

Upande wa Mwanza, wanaakiolojia Soper na Golden walizunguka mkoa wakikagua mapango ya mawe, na ripoti yao ikatoka mwaka 1969. Waliokota vigae vya Kansyore, vya wavuvi na wawindaji, pamoja na vya Urewe, vya watu wa chuma. Baada ya hapo mji umepanda vilima. Mawe yaleyale ya Mwanza leo yamebanwa na nyumba hadi juu, na kila msingi unaochimbwa hupindua udongo ambao ungeweza kusomwa kama ule wa Kemondo.

Watu wa Katuruka hawakusubiri urithi wao upotee hivyo. Schmidt aliporudi miaka ya 2000, wengi wa wazee waliomfundisha walikuwa wamekwisha kufariki, na ukimwi ulikuwa umepita vibaya mkoani Kagera. Wanakijiji waliyataka masimulizi yale yarudi nyumbani, wakayakusanya upya kutoka kwa waliobaki, na makazi ya Rugomora Mahe wakayafanya eneo la urithi, wakalitunza wenyewe.